Mashine ya Mtumba na Mafuta ya Karafuu

Mnaukumbuka mwaka 2020, mwaka wa corona na wa nyungu, ule mvuke wa kujifukiza. Tanzania nzima ilijifunika blanketi. Sufuria linatokota, ndani yake majani ya mkaratusi, mchaichai, mpera, maganda ya limau na tangawizi iliyopondwa. Kila mtaa na bingwa wake, kila bingwa na mchanganyiko wake. Wako walioapa kwamba mvuke ule ndio uliowainua kitandani, na wako waliowacheka. Leo siurudishi ubishi ule. Nina swali dogo zaidi, ambalo wakati ule lilipotea katikati ya makelele: ndani ya ule mvuke mlikuwa na nini hasa?

Swali hilo linajibika, tena ndani ya saa moja. Kifaa cha kulijibu kinaitwa spektromita ya masi. Kazi yake ni kupima uzito wa molekuli, na ile aina yake ya kawaida, iliyounganishwa na kromatografia ya gesi, hushughulika na vitu vinavyogeuka mvuke bila shida: harufu za majani, viungo, ubani, karafuu. Mvuke wa nyungu ndio riziki yake.

Kilichonileta kwenye kipaza sauti ni bei. Tumezoea kusema kwamba vifaa vya namna hii ni vya wenzetu wa Ulaya, Marekani na Japani, na kwamba kazi yetu sisi ni kukausha majani, kuyafunga kwenye bahasha na kuyapeleka huko yakapimwe. Mimi nasema habari hiyo imepitwa na wakati kwa sehemu kubwa. Na pale tunaposhindwa, mara nyingi hatushindwi na bei ya kununulia mashine. Tunashindwa na bei ya kuilisha ikiwa imeshafika.

Tuingie ndani yake kidogo, ili atakayekuja kukuuzia asikuuzie mbuzi kwenye gunia.

Tone dogo la sampuli linachomwa kwa sindano kwenye chumba chenye joto la nyuzi 250 hivi, na papo hapo linageuka mvuke. Gesi ya heliamu inausukuma mvuke huo kwenye mrija ambao upana wake wa ndani ni robo ya milimita na urefu wake mita 30, umeviringwa ndani ya oveni. Ukuta wa mrija umepakwa utando ambao unazishika baadhi ya kemikali kuliko nyingine. Fikiria watu hamsini wanaingia Mtaa wa Kongo pale Kariakoo kwa wakati mmoja. Mwenye haraka anatokea upande wa pili baada ya dakika chache. Anayesimama kila duka kuulizia bei atatokea jioni. Ndivyo kemikali zinavyotenganishwa: ziliingia pamoja, zinatoka moja moja, kila moja na dakika yake.

Inayotoka inaingia kwenye ombwe, yaani chumba kilichonyonywa hewa mpaka ikabaki kama sehemu moja katika milioni mia. Humo inakutana na elektroni zinazotoka kwenye waya uliochomwa na umeme mpaka ukang'aa, elektroni zenye nguvu ya elektronivolti 70. Kwa molekuli nguvu hiyo ni nyingi: inaitia chaji, na mara nyingi inaivunja vipande. Vipande vinapita katikati ya fito nne za chuma, na umeme unaobadilishwabadilishwa kwenye fito hizo unaruhusu uzito mmoja tu upite kwa wakati mmoja. Mara 50, mara 51, mara 52, mpaka juu kabisa, kisha unaanza upya, mara kadhaa kwa sekunde. Mwishowe unapata mchoro wa vilele.

Chukueni yujenoli, ile inayoifanya karafuu inukie karafuu na kulitia ganzi jino linalouma. Ina kaboni 10, haidrojeni 12 na oksijeni 2. Kaboni moja ni 12, kwa hiyo kumi ni 120. Ongeza haidrojeni 12, unapata 132. Oksijeni mbili ni 32. Jumla 164. Kwenye mchoro kilele kirefu kinasimama hapo hapo kwenye 164. Kushoto kwake kipo kingine kwenye 149. Ukitoa, tofauti ni 15: kaboni moja na haidrojeni tatu, kipande kilichomeguka. Ni hesabu ya darasa la nne, na ndiyo roho ya kazi yote hii.

Hesabu yenyewe ni ya zamani. Francis Aston alijenga kifaa chake pale Cambridge mwaka 1919 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1922. Mwaka 1956 Roland Gohlke na Fred McLafferty, wa kampuni ya Dow ya Marekani, walionyesha jinsi ya kuunganisha mrija wa gesi na spektromita. Zile fito nne zilitoka kwa Mjerumani Wolfgang Paul wa Bonn katika miaka ya 1950, naye akapata Nobel yake mwaka 1989. Nawataja hawa haraka haraka kwa sababu moja tu: kabla ya fito nne, kazi nyingi ilifanywa kwa sumaku kubwa nzito. Fito ndizo zilizoshusha mashine ikakaa juu ya meza, na ndizo zilizoshusha bei.

Leo mashine mpya ya fito nne inauzwa makumi ya maelfu ya dola. Zile za hali ya juu, zinazopima uzito mpaka tarakimu tatu na nne baada ya nukta, ni mamia ya maelfu. Lakini maabara za kule hubadilisha vifaa, na kile cha zamani kinapigwa mnada kwa bei ya gari lililochoka au kinatolewa bure. Yako mashirika, kama Seeding Labs la Boston, yaliyoifanya kuwa kazi yao kukusanya vifaa vya maabara na kuvifikisha kwenye vyuo vya nchi zetu. Na kwa maswali mengi ya mimea, mashine ya mwaka 1998 inatosha kabisa. Itakuambia yujenoli ni 164, kwa kuwa yujenoli haijaongezeka uzito tangu wakati huo.

Hapa ndipo tunapoumia. Niliwahi kuonyeshwa mashine ya msaada katika chuo kimoja ambacho sitakitaja. Ilikuwa imefunikwa kitambaa, juu yake pana printa, juu ya printa pana mafaili. Nikauliza imeharibika nini. Haikuharibika kitu. Kompyuta yake, ya zama za diski za plastiki, ilikufa, na programu ya kuiendesha ilikuwa humo humo bila nakala. Kwa kukosa nakala ya programu moja, mashine nzima ikageuka meza. Na mashine yenyewe, ukiniuliza, ilikuwa na afya kuliko sisi tuliokuwa tunaitazama.

Kwa hiyo anayetaka kuchukua mtumba huu aulize maswali ya fundi kabla ya maswali ya profesa. Programu ipo, na nakala yake ipo? Pampu ya mafuta inaunguruma sawasawa au inakohoa? Vipuri vya waya ule wa elektroni bado vinatengenezwa? Kisha aombe aonyeshwe namba. Mashine ikiwa imewashwa na haijachomwa sampuli yoyote, tazama 18, 28 na 32. Hizo ni maji, naitrojeni na oksijeni. Zikiwa ndogo, ombwe ni zuri. Ukiona 28 imesimama juu na 32 iko kama robo yake, hewa ya chumbani inaingia, kwa sababu huo ndio uwiano wa hewa tunayoivuta mimi na wewe. Mahali fulani pana tundu, na mara nyingi tundu lenyewe ni nati ambayo haikukazwa vizuri. Halafu aombe ifunguliwe ile kemikali ya kurekebishia mashine, ambayo kila mtengenezaji huiweka kwenye kichupa kidogo ndani yake. Lazima vilele vyake vya 69, 219 na 502 vionekane. Ikiwa 502 haionekani hata kwa kubembeleza, ama ndani kumechafuka na kunahitaji kusafishwa, ama kigunduzi kimezeeka. Kusafisha ni kazi ya asubuhi moja kwa mtu aliyefundishwa. Kwa asiyefundishwa ni mwisho wa mashine.

Halafu kuna umeme. Huu ndio mtihani wetu mkubwa kuliko wote. Pampu inayotengeneza ombwe huzunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika, na haipendi kukatiwa. Umeme ukikatika, hewa inarudi ndani huku vyuma vikiwa vya moto. Ukirudi, inabidi kunyonya upya, na unyevu ulioganda kwenye kuta hauondoki mpaka mashine ilale usiku kucha ikinyonya. Katika mji ambako umeme hukatika mara tatu kwa wiki, mashine ya bei rahisi bila betri za akiba ni hasara iliyochelewa tu. Bajeti ya mradi ninayoweza kuisaini mimi ni ile ambayo betri, kiyoyozi na mshahara wa fundi vimeandikwa kwanza, na mashine ikaandikwa mstari wa mwisho.

Na heliamu. Gesi hii ina bei inayopanda na kushuka, na dunia imeshapitia vipindi vya uhaba wake zaidi ya kimoja. Sasa sikilizeni kejeli hii. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba chini ya Bonde la Rukwa, huku kwetu Tanzania, kuna heliamu nyingi; makadirio ya wakati ule yalikuwa futi za ujazo bilioni 54. Maabara ya Dar es Salaam inasubiri mtungi wa heliamu utoke ng'ambo wakati heliamu iko Rukwa. Kuna njia mbadala. Mashine nyingi zinaweza kutumia haidrojeni, inayotengenezwa hapo hapo maabara kwa maji na umeme, ila haidrojeni inalipuka ikivuja, na baadhi ya kemikali hubadilika zinapokutana nayo kwenye joto. Inafaa, lakini kwa mtu makini.

Nirudi kwenye ile 149, maana ina mkasa wake. Kuna jamii ya kemikali zinazoitwa thaleti, zinazotiwa kwenye plastiki ili iwe laini. Thaleti ikivunjwa na elektroni, kipande chake maarufu kina uzito wa 149. Kwa mashine ya bei nafuu, inayosoma namba nzima tu, 149 ya karafuu na 149 ya plastiki ni kitu kimoja. Mashine ya mamia ya maelfu ya dola itakuambia kwamba ya karafuu ni 149.060 na ya plastiki ni 149.023, na itazitenganisha bila wasiwasi. Hiyo tofauti ya sehemu ndogo baada ya nukta ndiyo mnayoilipia.

Sasa mfikirie mtafiti aliyehifadhi dondoo la mizizi yake kwenye chupa ya plastiki, akalichoma kwenye mashine, akabonyeza kitufe cha maktaba. Maktaba za michoro zina mamia ya maelfu ya kemikali, na zina kasoro moja: hazijui kusema sijui. Ukizipa mchoro wowote, hata wa takataka, zitakuletea jina na asilimia ya kufanana. Ndiyo maana utakuta makala zilizochapishwa, zina jedwali la majina arobaini ya kemikali za mmea fulani wa dawa, na katikati ya jedwali wamekaa thaleti wawili watatu wametulia, wameandikiwa na sifa za kuua bakteria. Mmea wa watu hauna habari. Chupa ndiyo iliyochangia.

Hilo linanikera, nalisema wazi, kwa sababu ni uvivu unaovaa koti jeupe. Dawa yake ni rahisi wala haihitaji mashine mpya. Kwanza, choma kiyeyusho kitupu kilichopitia vyombo vile vile. Chochote kitakachotokea hapo hakikutoka kwenye mmea. Pili, angalia dakika ya kutokea, usiangalie uzito peke yake. Mwaka 1958 mkemia Ervin Kováts alionyesha namna ya kuipima kila kemikali kwa ngazi ya hidrokaboni zinazojulikana, na kipimo chake kinatumika mpaka leo duniani kote kwa gharama ya kichupa kimoja. Tatu, nunua kemikali halisi chache zinazokuhusu, uzichome mwenyewe, ulinganishe.

Mkaratusi wa nyungu unafundisha jambo hili vizuri. Ipo mikaratusi ambayo majani yake yananuka baridi ya kufungua pua. Hiyo ni sineoli. Na upo mwingine wenye harufu ya limau. Hiyo ni sitronelali. Watu huichanganya, wote huita mkaratusi. Kemikali zote mbili zina kaboni 10, haidrojeni 18 na oksijeni 1, kwa hiyo zote ni 154. Uzito peke yake hausaidii kitu. Lakini zikivunjwa, sineoli inaacha vipande vya 43, 81 na 108, na sitronelali inaacha 41 na 69, tena hazitoki kwenye mrija kwa dakika moja. Mtu aliyejifukiza huu na mtu aliyejifukiza ule hawakuvuta dawa moja, ingawa wote watakuambia nimejifukiza mkaratusi. Ongeza sitrali ya mchaichai, 152, na limonini ya maganda ya limau, 136, uone kwamba ubishi wa mwaka 2020 tuliufanya bila hata kujua tunabishania nini.

Tufike Pemba sasa, ambako hoja hii inageuka fedha.

Mnajua karafuu ikishachumwa huchambuliwa: vikonyo, yaani makonyo, upande huu, karafuu zenyewe upande ule, kisha zinaanikwa kwenye majamvi. Karafuu kavu ndiyo yenye bei. Makonyo hayatupwi, yanakwenda kukamuliwa mafuta kwa mvuke, na Wawi, karibu na Chake Chake, kuna kiwanda cha kazi hiyo. Mafuta yanaweza kutoka kwenye karafuu yenyewe, kwenye makonyo, au kwenye majani ya mkarafuu. Yote yananuka karafuu. Yote yana yujenoli kwa wingi. Bei zake hazilingani, na ya karafuu yenyewe ndiyo ya juu. Penye hali hiyo, duniani kote, hatakosekana wa kuchanganya.

Pua ya mzoefu inaweza kuhisi. Lakini pua haiandiki cheti. Mashine inaandika, na kinachoumbua hapa si yujenoli, ni ndugu yake mwenye uzito wa 206, asetati ya yujenoli. Kitabu cha viwango vya dawa cha Ulaya kinataka mafuta ya karafuu yawe na yujenoli kati ya asilimia 75 na 88, na asetati kati ya 4 na 15. Mafuta ya makonyo yana yujenoli nyingi na asetati kidogo sana. Kwa hiyo muuzaji anayejisifu kwamba mafuta yake ya karafuu yana yujenoli asilimia 92, huku asetati haionekani, amejishitaki mwenyewe bila kuulizwa. Jambo hili linaonekana kwenye mashine ya mtumba bila tabu yoyote. Kusema kweli, kwa kupima asilimia hata spektromita si lazima. Kigunduzi cha moto, ambacho ni cha bei ya chini zaidi, ndicho kinachotumika. Spektromita inafanya kazi ya kutambua nani ni nani, kigunduzi cha moto kinahesabu.

Mkulima wa Pemba anapata nini hapo? Anapata kauli. Leo mnunuzi wa ng'ambo ndiye anayepima, ndiye anayesema mzigo wako ni daraja la pili, na wewe huna karatasi ya kumjibu. Mwenye kipimo chake anajadiliana bei. Asiye nacho anapangiwa.

Msidhani nazungumzia ndoto. Kazi za namna hii zimefanyika Afrika Mashariki kwa miongo. Pale Nairobi kuna kituo cha icipe, alichokiasisi Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kinachochunguza wadudu. Wanasayansi wake walijiuliza kwa nini mbung'o anamng'ata ng'ombe na nyati lakini anampita kuro, na wote wako pori moja. Wakakusanya harufu ya kuro, wakaitenganisha kwa kromatografia ya gesi, wakatambua viungo vyake kwa spektromita. Ila walifanya na jambo moja ambalo nalipenda sana: gesi ikitoka kwenye mrija iligawanywa njia mbili, nusu kwenda kwenye kigunduzi cha mashine na nusu kupulizwa kwenye kipapasio cha mbung'o kilichounganishwa na nyaya. Mashine inasema hii ni kemikali gani. Kipapasio kinasema hii ndiyo ninayoisikia. Kati ya harufu nyingi za kuro walipata chache zinazomkimbiza mbung'o, wakazitia kwenye vifaa vidogo vya kumning'iniza ng'ombe shingoni. Jaribio lilifanyika Kwale, pwani ya Kenya, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017: ugonjwa wa nagana kwa ng'ombe waliovaa ulipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Hiyo ni elimu iliyoanzia kwenye vilele vya mchoro ikaishia kwenye maziwa ya mfugaji.

Mipaka ipo, na muuza mashine hatakuambia. Mashine ya aina hii, ya gesi, haiwezi kupima vitu vizito visivyogeuka mvuke, wala vile vinavyoharibika kwa joto. Artemisinini, ile dawa ya malaria aliyoitoa Tu Youyou kwenye pakanga la Kichina na ambayo mmea wake unalimwa hata Afrika Mashariki, hukatika vipande kwenye chumba cha moto kabla hata ya kufika kwenye mrija. Hiyo inahitaji mashine inayotumia kimiminika, ambayo ni ghali kununua na ghali kuendesha. Vivyo hivyo kwa zile dawa zinazouzwa kama miti shamba ya nguvu za kiume. Wakaguzi wa nchi nyingi, wakiwemo wa Marekani, wamekuta mara nyingi kwamba ndani ya mti shamba mmetiwa sildenafili ya kiwandani, uzito 474. Mzee mwenye presha anaimeza akidhani ni mizizi. Kwa kazi ya namna hiyo nasema pelekeni kwenye maabara kubwa za serikali, kama ya Mkemia Mkuu, msiende kubahatisha na mtumba wa chuo.

Na mashine zote, ya bei ndogo na ya bei kubwa, zina mpaka mmoja mkubwa kuliko yote. Zinasema kilichomo. Hazisemi kama kinaponya. Kukuta sineoli ndani ya nyungu hakuthibitishi kwamba nyungu inatibu chochote. Kunakupa tu jina la kitu cha kwenda kukijaribu kwa wagonjwa, kwa utaratibu, kwa kipimo kinachojulikana. Anayechukua mchoro wa vilele akaubandika kwenye chupa ya dawa kama ushahidi kwamba inatibu kisukari, huyo msimwamini hata akiwa na digrii tatu.

Programu za kusomea michoro nazo si kikwazo tena. Zipo za bure, na ipo GNPS, hifadhi ya watafiti wa kemikali asilia iliyojengwa California, ambako mtu wa Morogoro au Bukavu anaweza kulinganisha mchoro wake na wa wenzake wa dunia nzima bila kulipa senti. Mtandao wa watafiti wa kemikali asilia wa Afrika Mashariki na Kati, NAPRECA, upo tangu mwaka 1984. Watu wapo, mimea ipo, michoro ya bure ipo. Anayekosekana ni fundi. Vyuo vyetu vinatoa mabwana na mabibi wengi wa kusoma mchoro, na wachache mno wa kufungua mashine, kuisafisha na kuifunga ikafanya kazi tena. Wizara ikiniuliza fedha ya mashine mbili iende wapi, nitasema nunueni moja, nyingine isomeshe mafundi wanne.

Nanyi mlio kwenye vyama vya ushirika, wa karafuu, wa mchaichai, wa asali, wa pareto, msikae kungoja wizara. Kukodi kipimo ni rahisi kuliko kumiliki mashine. Pelekeni sampuli zenu kwenye maabara iliyo karibu kwenye chupa za kioo, wala zisiwe za plastiki, mkiandika juu yake shamba, tarehe ya kuvuna na tarehe ya kukamua. Nusu ya kila sampuli mbaki nayo, gizani, mahali pa baridi. Na mkiletewa majibu, msikubali orodha ya majina peke yake. Ombeni mpewe mchoro wenyewe, dakika ya kila kilele, na matokeo ya kiyeyusho kitupu. Maabara itakayokataa kuwapa vitu hivyo vitatu, hamisheni sampuli zenu pelekeni kwingine.